Judasi wa Manchester na Binti wa Fumba



Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, mtazamaji mmoja alimpigia Bob Dylan ukelele akiwa jukwaani: "Judasi!" Kosa la Dylan lilikuwa gitaa la umeme. Nusu ya kwanza ya onyesho aliimba peke yake na gitaa kavu, watu wakaridhika. Nusu ya pili akapanda na bendi, na baadhi ya waliompenda wakaona wameuzwa. Dylan aliwageukia wapiga vyombo wake, wakaendelea kwa sauti ya kupasua masikio.

Huyo "Judasi" alikuwa amesoma sekondari katika mji mdogo wa Hibbing, Minnesota, akipiga rock and roll. Kitabu cha shule cha mwaka 1959 kinaonyesha ndoto yake ilikuwa kujiunga na Little Richard. Nyimbo za kiasili za gitaa kavu alizishika baadaye. Kama kuhama ni usaliti, basi alisaliti siku alipoliweka chini gitaa la umeme, na siku hiyo hakuna aliyemzomea. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Turudi pwani yetu. Inasimuliwa kwamba taarabu iliingia Unguja kwa mlango wa ikulu, pale Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipompeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze muziki. Ikaimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Kisha akaja binti wa kijiji cha Fumba, muuza vyungu, aliyezaliwa karibu mwaka 1880 na kuitwa Mtumwa. Mjini alijifunza kwa wanamuziki waliojua taarabu ya Kiarabu, akapata jina jipya, Siti, akaigeuza sanaa ile kuwa ya Kiswahili. Watu wa mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, wakasikia habari zao wenyewe: mauaji, hukumu za mahakamani, mambo ya mtaani. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na zikauzwa sana.

Hebu tumpime Siti kwa kipimo cha Manchester. Alibadili jina. Alibadili lugha ya muziki aliofundishwa. Aliutoa kwa wenyewe, akauingiza sokoni. Mashtaka yote yapo! Ajabu ni kwamba leo anayenung'unikia vinanda vya umeme vya taarabu ya kisasa humtaja Siti kama mlinzi wa asili.

Remmy Ongala naye, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alipofika Dar es Salaam aliingia Orchestra Makassy, kisha akajenga jina na bendi ya Matimila kwa kuwaimbia wanyonge. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI unateketeza watu, redio ya taifa haikutaka kuupiga. Miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki Desemba 2010, aliacha dansi akaimba injili. Mtu aliyethubutu kuimba soksi hadharani hakuhitaji kibali cha shabiki ili amwimbie Mungu.

Je, wanaowauza mashabiki hawapo? Wapo. Mwezi Februari 1990 kundi la Milli Vanilli lilipokea tuzo ya Grammy, na Novemba likanyang'anywa, kwa sababu sauti zilizosikika kwenye albamu zilikuwa za watu wengine. Vijana wale hawakuwa wamehama mtindo wala kubadili sura. Waliuza kazi isiyo yao, basi.

Hapo ndipo lawama za leo kwamba Bongo Fleva imemezwa na amapiano ya Afrika Kusini zinapohitaji kuchujwa. Bongo Fleva yenyewe ilianza kwa vijana kuitia Kiswahili rapu ya Marekani, kwa hiyo kukopa si hoja. Hoja ni uvivu: kununua mdundo uliokwisha kupikwa, kuweka maneno mawili juu yake na kuhesabu watazamaji. Msanii anayekaa na wapigaji wa Afrika Kusini akajifunza ngoma zao anahama. Anayenakili kwa sababu wiki hii ndicho kinachochezwa, huyo amewauzia mashabiki makapi.

Wahitimu wa sanaa, miongoni mwenu yupo mpiga udi atakayeishia kutunga muziki wa filamu, na mwimbaji wa kwaya atakayeingia singeli. Mtakapoambiwa mmepotea, msijibizane mitandaoni. Jifunzeni huo mtindo mpya kwa bidii ileile mliyojifunzia wa kwanza, na watajeni kwa majina waliowafundisha. Na ninyi wazazi mliolipa ada, mkimsikia mwanenu akiimba msichokitarajia, sikilizeni wimbo hadi mwisho kabla ya kumpigia simu.