Kazi ya Ushauri Baada ya Kuchoshwa na Ofisi



Katika miaka hii kumi tumewapokea wenzetu walioacha kazi za ofisini kwa kuchoka mwili na roho. Uchovu huo si uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua kuwa ni matokeo ya mashaka ya kazini yasiyotulizwa kwa muda mrefu.

Leo wenzetu hao wanajipatia riziki kwa kuwanoa wakulima wa zabibu na makatibu wa vyama katika hesabu na uongozi. Ni kazi ya heshima. Lakini nayo huweza kumchosha mtu vilevile. Kwa hiyo twawasihi: wanafunzi wawe wachache, saa za kazi zijulikane, ada itajwe kabla ya somo la kwanza. Nasi wanachama tusimgongee mlango usiku, wala tusikwepe kumlipa kwa kuwa ni jamaa yetu.

Mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, ila kila mavuno hutanguliwa na kupogolewa. Aliyekwisha kuchoka naye apunguze matawi, ndipo azae.