Mvua ya Mawe na Haki ya Mwenye Bima

Katika nyanda za juu za Kericho na Nandi, magharibi mwa Kenya, mvua ya mawe si ajabu. Upepo wenye unyevu utokao Ziwa Viktoria hupanda miteremko hiyo na kukutana na ule utokao mashariki. Ifikapo alasiri mawingu huwa yamekwisha kujijenga hadi kwenye tabaka za baridi kali. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndege zilitumwa kuyanyunyizia kemikali mawingu hayo ili kuyanusuru mashamba ya chai. Septemba 2008, huko Nyandarua, barafu ilitanda ardhini hata watu wakadhani ni theluji.

Majani ya chai yana wengi wa kuyalilia. Paa la mwananchi halina. Mawe hayo hupasua vigae, hutoboa mabati yaliyochakaa, na maji yakaharibu dari na vitanda. Mwenye bima hujiona amesalimika, kumbe ndiyo kwanza safari inaanza.

Swali la kwanza ni kama ada ililipwa, kwa maana sheria ya Kenya haimruhusu mwenye kampuni kubeba dhamana kabla ya kupokea ada. La pili ni taarifa. Mikataba hudai itolewe mara moja, na humtaka mwenye nyumba azuie hasara isizidi. Basi na afunike paa kwa turubai, lakini apige picha kwanza na asitupe vipande vilivyovunjika, kwani mkadiriaji wa hasara hutafuta alama za mawe. Asipoziona huandika neno moja zito: uchakavu. Uchakavu haulipwi.

Hata hivyo, panapoumiza zaidi ni kwenye hesabu. Tuseme nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi 4,000,000 imekatiwa bima ya shilingi 2,000,000, ama kwa kubana ada, ama kwa kuwa thamani iliandikwa zamani na bei za vifaa zikapanda. Paa likiharibika kwa shilingi 600,000, kampuni hutoa 300,000 tu, kwa hoja kwamba nusu nyingine mwenye nyumba alijibebea mwenyewe. Humo hukatwa pia kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba humwachia mteja. Kanuni hii ni halali na imo katika mkataba. Lakini ni mawakala wangapi huieleza siku ya kupokea ada? Hapo ndipo lawama ya haki inapoanzia.

Mwishoni huletwa hati ya kukubali malipo. Anayeitia saini kwa kawaida huwa amefunga dai lake, hata fundi akigundua kesho kwamba mbao za paa nazo zimeoza kwa maji. Asiyeridhika anaweza kudai sababu kwa maandishi, akatafuta makadirio ya fundi mwingine, kisha akayapeleka malalamiko yake kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima jijini Nairobi, pamoja na mkataba, stakabadhi za ada na zile picha alizopiga kabla ya kutandaza turubai.