Madhara ya Kuzidisha Dawa za Pumu Mwilini



Ni faradhi yetu, sisi matabibu, wauguzi na wauza dawa tulioaminiwa roho za watu, kutambua kwamba dawa ileile inayomwokoa mwenye pumu usiku wa manane yaweza, ikipita kiasi chake, kumdhuru. Na kwamba anayeizidisha aghalabu hafanyi hivyo kwa ukaidi, bali kwa hofu ya kukosa pumzi.

Kwanza ni salbutamoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, ambayo hulegeza misuli iliyobana njia za hewa. Mvuto mmoja wa inhela ya kawaida una maikrogramu 100, ilhali kidonge kina miligramu 2 au 4, yaani mara 20 hadi 40 ya kiasi hicho, nacho huenea mwili mzima. Ikizidi, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, sukari hupanda, na potasiamu huhama damuni ikaingia ndani ya seli, hata mapigo ya moyo yakaharibika. Aidha, asidi ya laktiki hukusanyika damuni, na mwili, katika kuifidia asidi hiyo, huhema kwa kasi. Naye asiyejua hudhani pumu imezidi, akaongeza dawa ileile.

Pili ni aminofilini, ambayo mpaka baina ya nafuu yake na sumu yake ni mwembamba mno: ikizidi, huleta kutapika, moyo kwenda mrama na degedege. Hata kipimo cha kila siku chaweza kugeuka sumu, iwapo mgonjwa atapewa pia erithromisini au siprofloksasini, kwani dawa hizo hulizuia ini kuiondoa.

Tatu ni prednisoloni, ambayo ikitumiwa miezi mingi hudhoofisha mifupa, huvimbisha uso na kuzilaza tezi za adrenali, hata kuiacha ghafla kukawa hatari.

Historia nayo yatuonya. Fenoteroli, dawa ya jamii ya salbutamoli, ilipoingia New Zealand mwaka 1976, vifo vya pumu vilipanda. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989 ukaihusisha na vifo hivyo, na matumizi yake yalipopunguzwa, vifo vikashuka.

Kwa hiyo, hukumu yangu ni hii: mgonjwa anayemaliza inhela tatu au zaidi za kutuliza, kama ile ya salbutamoli, kwa mwaka hana pumu iliyodhibitiwa, kwa maana dawa hiyo hufungua njia ya hewa lakini uvimbe uliomo ndani haiuponyi; anachostahili kupewa ni steroidi ya kuvuta. Wala asinyimwe dawa ya kutuliza anaposhikwa, bali asipopata nafuu apelekwe hospitali upesi. Nawasihi, wauza dawa, kila mgonjwa arudipo kununua inhela nyingine kabla ya wakati, msimuuzie tu mkanyamaza: mwulizeni anavuta mara ngapi, kisha mwelekezeni kwa tabibu.