Umelipa, Mzigo Haukufika: Jinsi ya Kudai Pesa Zako

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi waliokutana Njoro, Kaunti ya Nakuru. Tumeyachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.

 

Maswali mengi yanayoletwa ofisini kwetu ni ya barabara, basari na leseni za biashara. Lakini kuna swali jingine, na mara nyingi anayeliuliza hulisema kwa sauti ya chini kwa sababu anaona aibu: "Nilimtumia mtu pesa aniuzie kitu, kitu hakijafika, na sasa simu hashiki. Nifanye nini?" Leo nataka tulijibu hadharani. Mimi ni mwanahabari, si wakili. Nitawaeleza jinsi sheria na ofisi za umma zinavyofanya kazi, na yule ambaye kesi yake ni ngumu atafute wakili.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa hapa Njoro anaona kwenye Facebook picha ya mtamba wa Friesian mwenye mimba. Muuzaji hana duka wala kampuni, ni mtu binafsi anayesema anaishi Subukia. Wanakubaliana shilingi 130,000. Mama anatuma shilingi 80,000 kwa M-Pesa siku ya Jumatatu, na salio atalilipa ng'ombe akishushwa kwenye pikapu siku ya Ijumaa. Ijumaa anaambiwa gari limeharibika. Wiki inayofuata anaambiwa kibali cha kusafirisha mifugo bado. Wiki ya tatu simu inalia tu. Zile 80,000 alizikopa kwenye chama, na chama hakingojei ng'ombe azae.

Huyu mama ana haki gani?

Makubaliano ya mdomo nayo yana nguvu

Watu wengi hukata tamaa mapema kwa kusema, "Hatukuandikiana, kwa hivyo sina kesi." Hilo si kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mauzo ya bidhaa za shilingi 200 au zaidi yanaweza kudaiwa mahakamani ikiwa kuna maandishi, au ikiwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ikiwa ametoa sehemu ya malipo. Mama yetu ametoa sehemu ya malipo. Ana makubaliano yanayotambuliwa na sheria, na muuzaji asipoleta bidhaa, mnunuzi anaweza kudai pesa alizotoa pamoja na hasara iliyotokana na kukosa bidhaa hiyo. Hata kama hawakutaja siku ya kuleta, sheria inamtaka muuzaji alete katika muda unaofaa.

Jambo moja mlielewe vizuri. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamlenga mtu anayefanya biashara ya kuuza. Jirani anayeuza ng'ombe wake mmoja, au kijana anayeuza kochi lake kwa sababu anahama, huenda asiguswe na sheria hiyo. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamfikia yeyote aliyeuza. Vilevile, serikali ya kaunti ina jukumu la kusimamia biashara ya haki na leseni. Muuzaji akiwa na duka lenye leseni yetu, leteni malalamiko kwa idara ya biashara. Akiwa mtu binafsi, kaunti haina mamlaka ya kumlazimisha akurudishie hata shilingi moja. Nalisema wazi ili mtu asipoteze miezi miwili akipanda ngazi za ofisi zetu.

Linda ushahidi kabla ya kugombana

Hatua ya kwanza, siku ileile unapoingiwa na shaka, ni kukusanya ushahidi. Usifute ujumbe wowote. Piga picha ya skrini ya tangazo, kwa sababu linaweza kuondolewa usiku huohuo. Hifadhi mazungumzo ya WhatsApp yote, hata yale ya salamu, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha ulikuwa unaongea na nani. Omba taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, ionyeshe tarehe, kiasi, nambari na jina la aliyepokea. Kisha andika kwenye karatasi, kwa tarehe, mlichokubaliana na kilichotokea. Ukurasa mmoja unatosha.

Wengi huuliza kuhusu kurudisha pesa kwa kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Huduma hiyo imewekwa kwa pesa iliyoenda kwa nambari isiyokusudiwa. Haikuwekwa kuamua ugomvi kati ya mnunuzi na muuzaji. Ukishuku kwamba nambari hiyo ni ya matapeli, unaweza kuiripoti kwa 333.

Ni deni au ni jinai?

Hapa ndipo watu wengi hugombana na polisi. Unafika kituoni, unaeleza, na afisa anakwambia, "Hii ni kesi ya madai, nenda mahakamani." Unatoka ukidhani amehongwa. Wakati mwingine anachosema ni sheria.

Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaeleza udanganyifu kuwa ni kusema uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo sasa, ilhali msemaji anajua ni uongo. Ahadi ya jambo la kesho ambayo mtu ameshindwa kuitimiza haitoshi.

Rudi kwa mtamba wetu. Ikiwa muuzaji hakuwa na ng'ombe yeyote, na picha aliichukua kwenye ukurasa wa mtu mwingine, alisema uongo kuhusu jambo lililopo: "Nina mtamba huyu." Hilo ni kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, na kifungu cha 313 kinaweka adhabu ya hadi miaka mitatu gerezani. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwepo, kisha akauziwa mtu aliyetoa bei nzuri zaidi, na pesa za mama zikatumika kwa karo, hilo kwa kawaida ni deni.

Kwa hivyo ukienda kituoni, usiseme tu, "Amekula pesa zangu." Eleza ni uongo gani aliosema na unajuaje kwamba ni uongo. Labda umeipata picha ileile kwenye tangazo la mtu mwingine, au umeenda Subukia ukakuta hakuna boma kama hilo. Hakikisha taarifa yako imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Polisi wakichunguza, wana njia za kisheria za kujua laini hiyo imesajiliwa kwa nani. Wewe peke yako huna njia hiyo.

Na hata ikiwa ni jinai, kesi ya jinai lengo lake kuu ni kumwadhibu mkosaji. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini usiiweke hiyo kuwa tegemeo lako la pekee. Kesi ya madai unaweza kuifungua pia.

Barua ya madai

Kabla ya mahakama, mwandikie. Barua hii inampa nafasi ya mwisho, na pia inamwonyesha mwamuzi kwamba ulijaribu njia ya amani. Usitukane wala usitishe. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Tarehe fulani tulikubaliana uniuzie mtamba kwa shilingi 130,000. Siku hiyo nilikutumia shilingi 80,000 kwa nambari yako. Ulikubali kumleta Ijumaa iliyofuata, na hadi leo hujamleta. Naomba unirudishie shilingi 80,000 ndani ya siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Usipofanya hivyo nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo bila kukuarifu tena."

Weka tarehe na sahihi. Itume kwa WhatsApp na kwa ujumbe wa kawaida, na ukijua anapoishi, ipeleke ukiwa na shahidi. Chifu au wazee pia wanaweza kuwakutanisha. Katiba yetu, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanisho. Mkikubaliana alipe kwa awamu, andikeni kiasi, tarehe ya kila awamu, na kwamba akikosa moja deni lote linadaiwa mara moja. Wote mtie sahihi mbele ya mashahidi. Wengine hudharau malipo ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Mimi nasema, mtu asiye na 80,000 leo hatazipata kwa sababu umekasirika. Pokea, na uandike.

Mahakama ya Madai Madogo

Akinyamaza, nenda mahakamani. Najua neno hilo linawatisha wengi kwa sababu ya gharama ya wakili na miaka ya kungoja. Ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Leo ipo katika miji mingine pia, Nakuru ikiwemo.

Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na ya pesa ambazo mtu amezishika zikiwa si zake. Haisikilizi kesi za umiliki wa ardhi, za kuchafuliana jina, wala za mwajiri na mfanyakazi. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili na kujieleza kwa Kiswahili. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hivyo ile taarifa ya M-Pesa na zile picha za skrini zitaangaliwa. Sheria inaagiza kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa.

Unachofanya ni kujaza fomu ya madai, kueleza kwa ufupi, kuambatanisha ushahidi na kulipa ada kulingana na kiasi unachodai. Makarani wa masjala ya mahakama watakuonyesha fomu, na kesi hufunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama. Kisha lazima mdaiwa afikishiwe hati za kesi. Tangu mwaka 2020, kanuni za kesi za madai zinaruhusu hati kupelekwa kwa barua pepe au kwa huduma za ujumbe wa simu kama WhatsApp, kwa nambari ambayo anaitumia. Asipojibu baada ya kufikishiwa, unaweza kuomba hukumu itolewe bila yeye.

Sasa tufike mahali ambapo watu hukwama. Hukumu ni karatasi. Inasema unadai, lakini haiweki pesa kwenye simu yako. Akikataa kulipa, unarudi mahakamani kuomba utekelezaji, na dalali wa mahakama anaweza kukamata mali ya mdaiwa iuzwe. Sheria hairuhusu kuchukua nguo, sufuria za kupikia, malazi wala vifaa anavyotumia fundi kujipatia riziki. Kwa hivyo kabla ya kufungua kesi, jiulize: namjua huyu mtu kwa jina kamili? Najua anakoishi au anakofanya kazi? Ana mali? Majibu yakiwa ndiyo, kesi yako ina mwelekeo. Ikiwa una nambari ya simu iliyozimwa tu, anza na polisi.

Na usikae. Sheria inakupa miaka sita kudai deni la makubaliano, lakini simu hupotea, watu huhama na mashahidi husahau.

Mambo ya kuepuka

Usibandike picha yake kwenye makundi ya WhatsApp ukimwita mwizi; unaweza kugeuka wewe kuwa mshtakiwa. Usitume vijana wakamchukulie televisheni. Deni halikupi ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu. Na jihadharini sana na wale wanaojitokeza wakisema, "Mimi nina mtu Safaricom, nipe 5,000 nikurudishie pesa zako." Huyo anajua tayari umeumia, na amekuja kukamua kilichobaki.

Kwa wale ambao bado hawajatuma pesa, nina maneno machache. Nenda ukamwone ng'ombe, ushike pembe. Kama huwezi, tuma mtu unayemwamini. Linganisha jina linalotokea kwenye M-Pesa na jina la kitambulisho chake. Kwa mifugo, muulize mapema kuhusu kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa wa mifugo. Na pesa nyingi zaidi zitoke mkononi mwako mzigo ukiwa mbele ya macho yako.

Yule mama wa mfano wetu, akianza leo, anahitaji simu yake, taarifa yake ya M-Pesa, na barua moja yenye tarehe. Kama uko hapa na jambo hili limekupata, usione aibu. Baada ya mkutano nitabaki hapa mezani, tukae tuiandike barua hiyo pamoja.