Shimo Jeusi Halimezi Tu



Sisi wa Kitui na Makueni tuna neema moja ambayo mtu wa Nairobi hana: giza la usiku. Kati ya Juni na Agosti, usiku usio na mwezi, toka nje mbali na taa, utazame juu. Ule ukanda mweupe uliokatiza mbingu ni galaksi yetu. Katikati yake, umbali ambao mwanga husafiri kwa takriban miaka 26,000, lipo shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4 hivi. Picha yake ilitolewa tarehe 12 Mei 2022.

Watu husema shimo hili humeza kila kitu. Sivyo. Kinachotumbukia hakirudi, kweli. Lakini shimo kubwa likipata gesi nyingi, ile gesi inayolizunguka huwaka kwa joto kali mno kabla ya kutumbukia, na nyingine hurushwa nje kwa kasi ya ajabu. Hapo ndipo shimo linapoigusa galaksi nzima.

Kivipi? Nyota huzaliwa gesi inapopoa na kujikusanya. Fikiria maziwa jikoni: yakichemka kwa kishindo, utando haushiki. Yaepue yapoe, utauona. Basi shimo jeusi ndilo linalochochea moto. Katika kundi la galaksi liitwalo Perseus, darubini ya Chandra ilionyesha mwaka 2003 jinsi shimo la galaksi ya katikati linavyosukuma mawimbi ya sauti ndani ya gesi, wimbi moja kila miaka milioni 10 hivi. Joto hilo huchelewesha gesi kupoa, kwa hivyo nyota changa huwa chache.

Na gesi hiyo ya moto ilijulikanaje? Hapa Kenya yetu inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya Wakenya. Ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za Perseus zatoka eneo pana sana, wala si nukta moja.

Kwa hivyo kijana, usiseme elimu hii ni ya watu wa ng'ambo. Fizikia na hesabu unazozikimbia darasani ndizo mlango wake. Nawe mzazi, mtoto akiuliza habari za nyota, usimkatize. Tokeni nje pamoja, mtazame.