Betri za Lithiamu Ghalani na Lindoni



Katika mtaa wa Kisugu, Tarafa ya Makindye hapa Kampala, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji huu, simu za wapangaji huchajiwa katika vibanda vya mabati kwa ada ndogo, kumi au ishirini zikiwa zimepangwa juu ya ubao mmoja. Barabarani hupita bodaboda za umeme zisizonguruma, ambazo madereva wake huacha betri iliyokwisha nguvu na kuchukua iliyojaa. Simu hizo na pikipiki hizo zinategemea betri ya aina moja, yaani betri ya lithiamu. Aina hiyo hiyo ndiyo imo leo katika redio nyingi za mkononi za askari wa doria na katika kurunzi za walinzi wa malango.

Jambo la kuangaliwa ni jinsi betri hizo zinavyowekwa. Kwa miaka mingi mtunza ghala amefundishwa kwamba betri ya gari, ile ya madini ya risasi na asidi, isiachwe kamwe bila chaji kamili. Kanuni hiyo ni sahihi, kwa maana betri ya risasi ikikaa tupu, sahani zake hufanya ukoko mgumu na mwishowe haipokei umeme tena. Baadaye zikaja betri za nikeli na kadimiamu katika redio za mawasiliano, na mafundi mitambo wakaambiwa wazitumie mpaka ziishe kabisa kabla ya kuzichaji. Amri hiyo nayo ilikuwa na sababu yake. Taabu ni kwamba amri hizo mbili zimehamishiwa kwenye betri ya lithiamu, na huko zote mbili ni makosa.

Sababu ya makosa hayo imo ndani ya betri yenyewe. Humo mna tabaka mbili nyembamba, ambazo mara nyingi huviringishwa pamoja kama mkeka. Ya upande hasi ni grafiti iliyopakwa juu ya karatasi ya shaba nyekundu. Ya upande chanya ni mchanganyiko wa lithiamu na kobalti au nikeli, au wa lithiamu na chuma na fosfati, uliopakwa juu ya karatasi ya alumini. Kati yao pana utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kiwezacho kushika moto. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu ziitwazo ayoni hutoka upande chanya, hupenya utando na kujipanga kati ya tabaka za grafiti kama askari wanaoingia bwenini. Inapotumika, hurudi zilikotoka. Elektroni haziruhusiwi kupita njia hiyo ya ndani. Hulazimika kuzunguka kwa waya wa nje, na ni huko ziwashako taa na redio.

Ujuzi huo si wa jana. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kazi ya kobalti katika upande chanya; Akira Yoshino wa Japani akatengeneza betri iliyo salama zaidi mwaka 1985; na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Wataalamu hao wawili, pamoja na Stanley Whittingham aliyewatangulia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kobalti yenyewe si ngeni katika nchi zetu. Sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani huchimbwa katika Kongo, hasa pande za Kolwezi, na hata Kasese iliwahi kutoa kobalti kutokana na mabaki ya shaba ya Kilembe.

Basi betri ya lithiamu ikijazwa mpaka mwisho, yaani kiasi cha volti 4.2 kwa kila seli katika zile za kobalti, kisha ikawekwa rafuni, kimiminika chake huharibika polepole, na joto huharakisha uharibifu huo. Kwa vipimo vinavyotumiwa sana na mafundi, betri iliyokaa mwaka mzima ikiwa imejaa, katika joto la nyuzi 25, hubakiwa na uwezo wa kama asilimia 80 tu. Ile iliyowekwa na chaji ya asilimia 40 hubakiwa na kama 96. Katika nyuzi 40, iliyojaa hushuka mpaka karibu 65. Hewa ya Kampala ni ya upole, lakini ndani ya kibanda cha mabati saa nane mchana, au ndani ya gari lililofungwa juani, upole huo haupo. Askari waliokwenda Mogadishu tangu Machi 2007 hawahitaji kuelezwa maana ya joto.

Kuiacha tupu ni kubaya zaidi. Seli ikishuka sana, chini ya kiasi cha volti 2.5, shaba iliyo ndani yaweza kuanza kuyeyuka. Siku ichajiwapo tena, shaba hiyo huganda mahali pasipo pake, yaweza kuutoboa utando, na pande mbili zikagusana. Hapo joto huzaa joto. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, iliyokuwa imebeba betri nyingi za lithiamu, ilishika moto baada ya kuondoka Dubai, ikaanguka, na marubani wake wawili wakafa. Tangu 1 Aprili 2016 kanuni za kimataifa zinakataza shehena ya betri hizo zilizofungashwa peke yake katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo zisizidi asilimia 30 ya chaji.

Mkuu wa kituo aweza kuuliza, tena kwa haki, kama doria ya usiku itoke na redio yenye nusu ya nguvu. La hasha. Betri za zamu zijazwe karibu na saa ya kutoka. Zile za akiba, zikaazo miezi bila kuguswa, ndizo ziwekwe zikiwa na asilimia 40 hadi 60, mahali pakavu penye ubaridi, zipimwe kila miezi mitatu, na zipokezane zamu na zile za kazini ili zisizeeke rafuni.

Betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa. Itolewe nje, mbali na risasi na mafuta. Ikiwaka, watu wakae mbali na moshi wake, ambao ni sumu, na maji yamwagwe mengi, kwa sababu kazi ni kuipoza, nayo yaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Tarehe ya kupimwa yafaa iandikwe kwenye kibandiko juu ya betri yenyewe, kwa maana walinzi hubadilishana usiku, na daftari la ghala hufungiwa ofisini jioni.