Hotuba ya Mgeni Rasmi kwenye Mahafali ya Wakunga

 

Hotuba niliyoandaliwa ni ndefu. Nitasoma takwimu moja tu, maana ni yenu. Utafiti wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa 2022 ukakuta 104. Wakunga, hapo pana jasho lenu. Wapigieni makofi! Kurasa zilizobaki nitamwachia Mkuu wa Chuo.

Mimi nataka tuzungumze habari ya beseni. Akina mama mnalijua: beseni, mpira wa kujifungulia, glavu, pamba, nyembe, uzi wa kitovu. Sera ya Afya ya 2007 ilisema mjamzito ahudumiwe bila malipo, lakini orodha ya vifaa hivi anapewa anunue. Mdogo wangu alifika wodini usiku, uchungu umekolea, akaulizwa glavu ziko wapi. Mama mkwe akatoka mbio kumwamsha mwenye duka. Mtoto hakusubiri. Wote wazima, namshukuru Mungu. Je, asiye na mtu wa kumkimbilia, wala hela ya beseni? Huyo anajifungulia nyumbani kwa kuogopa kusemwa.

Swali hilo si geni: mwaka 1994 wanawake weusi wa Marekani walikutana Chicago wakaanzisha harakati zilizokuja kudai mambo matatu kwa pamoja: kuzaa, kutozaa, na kulea watoto mahali salama. Walijua sheria pekee haimfikishi maskini hospitali. Septemba mwaka huohuo, mkutano wa Cairo ukakubali kwamba watu wana haki ya kuamua wazae wangapi na lini. Haki hiyo inaishia mlangoni pa wodi kama ndani hakuna glavu.

Na ninyi wahitimu, nisije nikasikia mtu anamwambia mama mwenye uchungu, "Ulipokuwa kwenye starehe zako uliniita?" Nisisikie kabisa! Akina baba mnaocheka, bodaboda mmeikatia bima. Mimba ina miezi saba, beseni liko wapi?

Risala yenu imeomba gari, uzio na maktaba. Nimepokea. Gari nitazungumza na wenzangu, uzio tutaangalia bajeti inavyokwenda. Vifaa vya kujifungulia nitavifuatilia mwenyewe, na Mganga Mkuu tutaonana kabla sijaondoka.

Mkuu wa Chuo, waite wahitimu wapokee vyeti vyao.